Nyumba ya Watu Wanane

Kila Jumatano asubuhi mlango wa jiko la Mwalimu ulibandikwa karatasi. Aliikata kwenye daftari la skuli, akaandika kwa herufi kubwa zilizonyooka: HAKUNA SUKARI. Wiki ya pili: HAKUNA MAFUTA YA TAA. Wiki ya tatu: HAKUNA MAJI YA BOMBA. Kilichoandikwa pale hakikuguswa siku nzima na mtu yeyote wa nyumba ile, hata kama kilikuwamo tele. Watoto wa mdogo wake wakaiita Siku ya Hakuna, na mtaa mzima ukalichukua jina hilo kwa kumcheka. Mama yangu akisikia manung'uniko ya watoto ng'ambo ya uchochoro, huuliza, "Leo hakuna nini huko?" Nami hukimbilia dirishani kusoma.

Tulikuwa majirani wa dirisha kwa dirisha. Uchochoro wetu wa Mji Mkongwe ulikuwa mwembamba hata mtu akipiga chafya kwao, sisi ndio tuliomwombea rehema. Tena nilikuwa mwanafunzi wake, maana alitufundisha upishi na kazi za nyumbani katika skuli ya wasichana. Sijapata kumwita kwa jina lake katika uhai wangu, na sioni sababu ya kuanza leo. Alikuwa Mwalimu, basi.

Karatasi zile zilianza baada ya Januari ya mapinduzi. Siku zile hapakutoka mtu mlangoni, na nyumba ya Mwalimu ilikuwa na watu wanane: yeye, mama yake mzee, mdogo wake wa kike na mumewe, na watoto wao wanne. Chakula walichokuwa nacho ni nusu bakuli ya halua na chupa ya achari. Mwalimu wa upishi huyo! Mwenye vitabu vitatu vya mapishi kabatini! Lakini alikuwa kama watu wote wa mjini, amezoea kwenda sokoni kila asubuhi akanunua cha siku ile, na kesho ni kesho. Siku ya tatu watoto walikuwa wanachovya halua katika achari na kulia kwa pamoja. Mama yangu akautoa ubao wetu wa kupigia pasi, akaulaza kutoka dirisha letu hadi lao, akapitisha sufuria ya uji. Watoto walikunywa, mzee akanywa, mdogo wake na shemeji yake wakanywa. Mwalimu alikunywa wa mwisho, amesimama, ametupa mgongo tusimwone.

Watu wakizungumza habari za siku zile hutaja milio ya bunduki. Yeye alitaja uji.

"Nafundisha watoto wa watu kupika miaka yote hii," alimwambia mama yangu mambo yalipotulia, "mie nikaletewa uji juu ya ubao wa pasi."

"We nawe," mama akamjibu, "jirani ni wa nini basi?"

"Jirani ni wa kupeleka. Si wa kuletewa tu."

Mama alicheka, akadhani ni majivuno. Na mimi nilidhani hivyo kwa miaka. Sasa ninaamini lilikuwa jambo jingine. Alikuwa ameona nyuso za watoto wale wanne zikitazama sufuria ya watu wengine, na aliogopa kwamba watoto waliotazama hivyo siku moja watamfuata yeyote mwenye sufuria. Alitaka watu wake wakae. Alifikiri nyumba ikijitosheleza, hakuna atakayekuwa na sababu ya kuiacha.

Basi akaanza. Kisima cha uani, kilichofunikwa tangu mabomba yalipofika mtaani, alikifunua akakisafisha. Maji yake yalikuwa na chumvi kidogo, lakini ya kufulia yalifaa. Juu ya paa, pale palipoanikwa nguo, alipanga makarai mabovu na mapipa yaliyokatwa akajaza udongo. Alikuwa na mwanafunzi wake wa zamani aliyeolewa Kizimbani, mumewe akifanya kazi katika shamba la serikali, nasi tukaenda huko kuomba vijiti vya muhogo vya kupanda. Tulirudi mjini ndani ya basi, mafungu mawili mapajani, abiria wakitutania.

"Mwalimu, mnahamia shamba?"

"Shamba ndo linahamia mjini," akasema, bila ya kucheka hata kidogo.

Muhogo wa kwenye paa ulitoa mizizi myembamba mno, mingine kama vidole vya mtoto. Aliimenya hivyo hivyo, akaikata, akaianika ikawa makopa. Akaanika shelisheli. Akapasua samaki akawaanika wawe ng'onda, na uchochoro mzima ukamlaumu kwa harufu. Nafaka alizitia katika madebe pamoja na majani makavu ya mwarobaini ili fukusi wasiingie, akaziba vifuniko kwa nta. Hakuweka vyote mahali pamoja. Debe moja lilikuwa chini ya ngazi, jingine chumbani kwa mama yake, jingine nyuma ya kabati la vyombo. Na kilichotiwa kwanza kilitangulia kuliwa, kwa hiyo nyumba ile daima ilikula vikuukuu huku vipya vikingoja. Shemeji yake, mtu wa mzaha, alikuwa akisema hajapata kuonja kitu kibichi tangu Januari.

Kila mtoto alikuwa na kazi yake siku ya dhiki ikija. Msichana mkubwa alikuwa wa maji. Wa pili alikuwa wa moto, na kweli aliweza kuwasha kuni mbichi kwa kijiti kimoja cha kibiriti. Wa tatu alikuwa wa bibi, amshike mkono amshushe ngazi. Mdogo kabisa alikuwa na miaka minne, na kazi yake ilikuwa kunyamaza. Mwalimu alimfanyisha mazoezi: akipiga kofi mara moja, mtoto ananyamaza mpaka lipigwe la pili. Nimepata kumwona ameketi katikati ya ukumbi, midomo ameiuma, macho yamemtoka, anangoja kofi la pili, na Mwalimu amekwenda kutazama chungu akamsahau. Nilimpigia mimi kofi lile kutoka dirishani kwetu.

Skuli nako alibadilika. Tulikuwa tunafundishwa keki na kastadi, aproni nyeupe, mayai manne. Siku moja aliingia akasema leo tunapika keki bila mayai, bila siagi na bila unga.

"Sasa kitabaki nini, Mwalimu?" nikamuuliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa darasa.

"Hilo ndo somo," akasema. "Fikirini."

Tulifikiri kipindi kizima. Mwishowe tulipika boga kwa tui na iliki, likawa zuri kuliko keki zote tulizopata kuziunguza. Mwalimu mkuu alikuja kuuliza kwa nini darasa la keki lina harufu ya boga. Mwalimu alimpakulia kipande. Mama yule alikula, akaondoka, na hatukuulizwa tena.

Msimdhanie malaika. Alikuwa mkali, alikuwa mbishi, na hakujua kuomba radhi. Chai yake ilikuwa ya vijiko vinne vya sukari. Jumatano za Hakuna Sukari, baada ya kuwahubiria watoto asubuhi nzima, saa kumi za alasiri tulikuwa tukisikia hodi mlangoni kwetu. Huyo, buibui begani, anatafuta mazungumzo.

"Mwalimu, leo si Jumatano?" mama akimchokoza.

"Jumatano ni ya kwetu. Kwenu ni siku gani sijui."

Akanywa vikombe viwili kwa kipande cha halua, akafuta mdomo vizuri, akarudi kwake. Watoto walijua. Yule wa miaka minne ndiye aliyemfichulia siri, siku aliyomkumbatia akasema Mama Mkubwa ananukia halua. Kazi yake ya kunyamaza alikuwa ameisahau.

Kuna Jumatano moja ambayo sikuicheka. Karatasi iliandikwa HAKUNA MAMA MKUBWA, maana hivyo ndivyo watoto walivyomwita. Mwalimu aliingia chumbani kwake asubuhi, akafunga mlango, akawaagiza wote wafanye kana kwamba hayupo duniani: asiulizwe, asiitwe, asiitikiwe. Aliniambia mwenyewe kwamba hilo ndilo somo kubwa kuliko yote, kwa sababu nyumba inayomtegemea mtu mmoja imekwisha kabla haijaanza. Siku hiyo niliitazama nyumba ile kutoka dirishani kuliko siku zote. Wa maji alichota. Wa moto aliwasha. Mdogo wake akapika. Walikula, wakaosha vyombo, wakafagia, wakacheka sana kwa jambo ambalo sikulisikia. Alasiri Mwalimu akafungua mlango, akaenda jikoni, akainua vifuniko kimoja kimoja. Hapakuwa na kitu. Walifanya alivyowaagiza, hata sahani yake hawakumwekea.

"Mmefaulu," akawaambia. "Nyote mmefaulu."

Kisha akaja dirishani, akaniona, akavuta pazia.

Wa kwanza kuondoka alikuwa shemeji yake. Alikwenda Dar es Salaam kutazamwa macho, na macho yale hayakupata kupona, kila barua ikasema bado kidogo. Kisha mzee akafariki kitandani mwake, salama, akiwa ameshiba, na Mwalimu alilitaja hilo la kushiba mara nyingi katika matanga. Kisha msichana mkubwa akaenda kwa baba yake kusoma. Miaka ile watu hawakuaga sana. Uliamka ukakuta dirisha fulani limefungwa, na ukiuliza uliambiwa wamekwenda kusalimia. Sisi sote tulijua kusalimia ni kupanda chombo usiku, bila ruhusa, kuvuka bahari. Hatukusema.

Siku aliyoondoka mdogo wake na watoto watatu waliobaki, nilikuwapo ukumbini. Nilikuja kusaidia kufunga vitu, na vitu vyenyewe havikuwa vingi. Mwalimu alikuwa akizunguka na debe la makopa.

"Chukueni hili. Huko hamjui mtakula nini."

"Dada, chombo hakitaki mizigo."

"Basi nusu."

"Dada."

"Watoto watakula nini?"

Mdogo wake akamshika mikono yote miwili, debe likiwa katikati yao. Alikuwa mwanamke mpole, sijapata kumsikia akisema neno la kuumiza, na nina hakika siku ile alikusudia kumpa moyo. "Tutaweza, Dada," akamwambia. "Si umetufunza kuishi bila ya kila kitu?"

Mwalimu akaliweka debe chini. Akampiga busu kila mtoto utosini. Yule mdogo, ambaye sasa alikuwa na miaka saba au minane, aliketi juu ya furushi hali ameuma midomo, hakulia hata tone, na nafikiri alikuwa anangoja kofi. Hakuna aliyempigia. Waliposhuka ngazi Mwalimu hakwenda dirishani kuwatazama, alikwenda jikoni.

Kwa muda mrefu baada ya hapo hakuweza kupika chakula cha mtu mmoja. Mkono ulikuwa umezoea. Alipika cha wanane akasambaza sahani kwa majirani, na majirani wenyewe walikuwa wanapungua, ikafika mahali anapeleka sahani mtaa wa tatu kwa watu asiowajua vizuri. Baadaye alijifunza kupima mchele kwa kikombe cha kahawa. Niliwahi kumkuta ameinama juu ya sufuria, anatazama ndani, kana kwamba ameangusha kitu humo.

Kisha dhiki aliyoingoja ikaja kweli, na haikuja kwa bunduki. Ilikuja polepole: mchele ukapungua, unga ukapungua, sukari ikawa hadithi, na foleni zikaanza alfajiri. Waliokuwa wakimcheka wakapanda ngazi zake mmoja mmoja. Mwalimu, makopa yanaanikwa siku ngapi? Mwalimu, nta tutapata wapi? Alichukua chaki, akaandika ukutani mwa ukumbi, wanawake wameketi chini kwenye mkeka wakinakili. Nilikuwa nimeolewa Jang'ombe wakati huo, lakini nilikuja kumsaidia, na niliona amerudi katika hali yake. Alikaripia, alitania, alimwita mwanamke wa miaka sitini mbele ya ukuta akamtaka ataje majani ya kuzuia fukusi. Somo likiisha, wakashuka ngazi kwenda kuwapikia watu wao. Karatasi za Jumatano alikuwa ameacha kubandika. Nilipomuuliza alisema siku hizi kila siku ni Jumatano, na hata ingekuwa siyo, abandike asome nani.

Mtu hakosi wa kumsema. Kukazuka maneno kwamba Mwalimu anaficha vyakula, na asubuhi moja wakaja wanaume wawili wa serikali na daftari. Nilikuwa naye, tunapepeta. Walikuwa na adabu, mmoja alimpa shikamoo. Wakafungua madebe yote, la chini ya ngazi, la chumbani, la nyuma ya kabati, wakaona makopa, shelisheli, kunde, chumvi, ng'onda.

"Vyote hivi ni vya watu wangapi, Bi?" akauliza mwenye daftari.

"Wanane."

"Tunakuona wewe na huyu bibi."

"Huyu alikuwa jirani tu, sasa kwake Jang'ombe."

"Wanane wako wapi?"

Mwalimu akaanza kuwataja, kila mmoja na kazi yake, huyu wa maji, huyu wa moto, huyu wa bibi, huyu wa kunyamaza. Aliwataja wazi wazi kama anayeita mahudhurio darasani, na baada ya kila jina alitua kidogo. Alimtaja na mama yake. Yule wa daftari aliacha kuandika. Mwenziwe alichukua kifuniko akalifunika debe lililokuwa karibu naye, akakigandamiza vizuri kwa kiganja, na wakaaga. Nilidhani Mwalimu atafurahi kwamba hawakuchukua kitu. Alikaa juu ya kiti mpaka adhana ya adhuhuri, nami nikaendelea kupepeta.

Mara ya mwisho nilikwenda kumuaga. Mume wangu alihamishwa kikazi Tanga, na mimi, tofauti na wengine, niliondoka kwa barua na mhuri na haki zote, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kujificha. Nilimtumia salamu kwa mwanamke mmoja wa mtaani kwamba nitapita Alhamisi. Siku hiyo nilisimama foleni ya unga tangu asubuhi na mapema, nikaukosa, nikaja moja kwa moja mpaka kwake. Sikuwa nimetia kitu kinywani isipokuwa maji.

"Hodi, Mwalimu!"

"Karibu! Karibu mwanangu, pita."

"Shikamoo."

"Marahaba. Mbona umekonda?"

Ukumbini mkeka ulikuwa umetandikwa. Juu yake palikuwa na sinia iliyofunikwa kawa, bakuli la kunawia, na vikombe viwili vimefunikwa visahani. Harufu ya mchuzi wa papa ilikuwa imenipokea tangu mlango wa chini. Mwalimu alikuwa amevaa kanga mpya, jozi nzima, na amejifunga vizuri.

"Njoo tule."

"Ahsante, Mwalimu. Nshakula."

Mtu wa kwetu haelezwi jambo hili, lakini nitalieleza. Ukikaribishwa chakula husemi ndiyo mara ya kwanza. Unasema nshakula, mwenye nyumba anasema hujala wewe, unasema wallahi nimeshiba, anakushika mkono, anakukalisha, unakula. Ndivyo tulivyolelewa, na hata mtoto anajua kuwa nshakula ya kwanza haina maana yoyote. Lakini miaka ile ya foleni watu walikuwa wameacha kushurutisha. Aliyekaribisha mara moja alikuwa ametimiza wajibu, na aliyesema ameshakula alimsitiri mwenzake, akamwachia kile kidogo alichonacho. Ikawa adabu mpya juu ya adabu ya zamani. Mimi nilisema nshakula ile ya zamani, nikangoja nishikwe mkono.

Mwalimu alinitazama. Niliona mkono wake unaanza kuinuka, kisha ukatulia mapajani.

"Haya," akasema. "Alhamdulillahi."

Tukaongea. Aliniuliza Tanga nitakaa nyumba ya namna gani, kama ina kisima, kama ina paa la kuanikia. Nilijibu huku tumbo likinguruma, nikakohoa ili asilisikie. Nilisubiri anikaribishe tena. Huenda na yeye alisubiri niseme. Tulikaa pande mbili za sinia ile labda nusu saa, na mchuzi ukapoa, wala hakuna aliyeligusa kawa.

Nilipoinuka alinisindikiza mpaka kichwani mwa ngazi. Nikambusu mkono. Alinishika bega, akanirekebishia buibui, na akasema bila lawama yoyote, kama mtu anayesimulia habari za mtaani:

"Siku hizi kila anayekuja ameshakula."

Nikamwambia Mungu akipenda nitarudi. Nikashuka. Chini mlangoni nilisimama, nikaweka mkono ukutani, nikajiambia rudi juu, sema Mwalimu nimekudanganya, nina njaa, nipakulie. Lilikuwa jambo la kupanda ngazi tu. Nikaona haya. Nikavuta mlango polepole usipige kelele, nikenda zangu.